Daraja, Sabuni, Mbuzi

Jumatatu, 6 Mei

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata Mama, na nimefungua daftari hili ili nilitue mahali. Nina wivu juu ya bibi yangu. Sitamani kitu chochote alicho nacho. Ninachotaka ni awe wangu peke yangu, kama mtoto anavyoficha mwanasesere nyuma ya mgongo akisikia wageni wanaingia. Nina miaka kumi na sita na naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo lilivyo.

Mgeni mwenyewe ameingia jana. Ni binti wa mume wa shangazi yangu, aliyezaliwa na mke wake wa kwanza. Baba yake amehamishiwa kazi mahali ambapo shule iko mbali, basi atakaa kwetu muhula huu wote. Hana saa mbili tangu atue mizigo, Bibi akampa jina: Redio. Kwa sababu haizimwi.

Mama aliniuliza mbele yake, "Si atalala chumbani kwa Bibi, pamoja na wewe?" Nikasema hakuna nafasi kwa sababu ya meza yangu ya kusomea. Nafasi ilikuwepo. Meza ingeweza kutoka. Redio amelala sebuleni, kwenye godoro nyuma ya kochi.

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Redio amesimulia safari yake yote ya basi, pamoja na sauti ya kondakta aliyepoteza kiatu.

Alhamisi, 9 Mei

Kila jioni baada ya chakula huwa namsomea Bibi riwaya, sura moja au mbili. Yeye anakaa kitandani ameegemea ukuta, mimi mezani. Tumefanya hivi tangu macho yake yalipoanza kuchoka, na mimi ndiye ninayeitwa Msomaji. Leo nimefika ukurasa wa tatu, Redio akachungulia mlangoni.

"Huyo aliyekufa ndiye nani?"

Bibi akamwambia akae. Akaanza kumweleza hadithi tangu mwanzo, vibaya, akiwachanganya ndugu wawili. Redio akacheka, Bibi akacheka, na mimi nikabaki nimeweka kidole kwenye mstari.

"Endelea, Profesa," Redio akasema. "Tunakusikiliza."

Nilisoma mpaka mwisho wa sura kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

Ijumaa, 10 Mei

Leo Bibi ameniita kwa jina la shangazi. Kisha kwa jina la Mama. Kisha akalipata langu.

Redio yeye, Bibi amemwita Redio mara moja tu, bila kusita.

Jumapili, 12 Mei

Baba Mkubwa amekuja. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa Bibi, na akikaa kwenye kochi letu kochi linakuwa lake. Amesikia habari za bomba. Wiki iliyopita Bibi alifungua maji jikoni, akaenda kuanika kitambaa, akaanza kupiga soga na jirani, na maji yakafika sebuleni. Kabla ya hapo alisahau jiko likiwaka, sufuria ikaungua mpaka ikabadilika rangi.

"Mama, twende kwangu," alisema. "Kuna mtu wa kukuangalia mchana kutwa. Hapa wote wanatoka asubuhi."

"Kwako ni ghorofa ya nne," Bibi akasema. "Nitakuwa kama nguo iliyoanikwa. Nitaona watu tu, hawanioni."

"Kuna lifti."

"Siku ikiharibika utanishusha kwa kamba?"

Baba alicheka, Baba Mkubwa hakucheka. Mwishowe wamekubaliana hivi: daktari wa wazee amependekeza Bibi apimwe kumbukumbu. Mtu atakuja nyumbani kumpima, kisha atapimwa tena hospitalini baada ya wiki kadhaa, na majibu ya mara hiyo ya pili ndiyo yatakayoamua. Yakiwa mabaya, muhula ukiisha Bibi anahamia kwa Baba Mkubwa. Mji wake ni safari ya siku nzima kwa basi.

Bibi alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja.

Jumatano, 15 Mei

Mpimaji amekuja. Ni dada mpole mwenye mkoba mkubwa na sauti tulivu kama ya mtangazaji wa habari za vifo. Redio tayari amempa jina, Dada wa Maneno, na kwa mara ya kwanza nimelikubali jina alilotoa.

Alitueleza sisi wote kwanza. Atamsomea Bibi maneno kumi na tano, moja moja, polepole. Bibi atayarudia anayoyakumbuka, kwa mpangilio wowote. Kisha atayasoma tena yale yale, na tena, mara tano. Kisha watafanya mambo mengine, na baada ya nusu saa atamwuliza maneno hayo bila kuyasoma.

"Mimi mwenyewe sijui kama ningeyapata yote," Baba akasema.

"Wengi hawayapati," Dada akasema. "Na mama hatutamlinganisha na wewe, wala na hawa mabinti. Kadiri mtu anavyozeeka, maneno yanayobaki kwa kusikia mara moja yanapungua. Hiyo ni kawaida kama mvi. Tunamlinganisha na wenzake wa umri wake. Tunachotazama ni kama anajifunza kila tunaporudia, na kama baada ya mapumziko yamebaki au yamemwagika yote." Kisha akasema, "Ombi langu ni moja. Katikati hapa msimfanyishe mazoezi. Mwacheni aishi tu."

Tukatakiwa kutoka. Mimi na Redio tukaenda jikoni kuosha vyombo, lakini mlango wa jikoni haufungi vizuri siku za mvua, ubao unavimba. Tulisikia kila neno.

Daraja. Sabuni. Mbuzi. Kengele. Wingu. Kiatu. Ngazi. Asali. Pazia. Mkasi. Jirani. Ziwa. Kofia. Moto. Karata.

Mara ya kwanza Bibi alitaja manne, akanyamaza. Nilisimama na sahani mkononi, maji yakinichuruzika kwenye kiwiko. Mara ya pili akaongeza. Mara ya tatu akaongeza zaidi. Mara ya tano alifika tisa, na nilitamani kupiga makofi. Baada ya nusu saa alikumbuka matano.

Redio aliimba chini chini akisugua sufuria, "Daraja, sabuni, mbuzi, kengele," kwa mdundo wa wimbo wa kuruka kamba. Kisha akajiziba mdomo.

"Tumeambiwa tusifanye mazoezi," akasema. "Bibi asije akanisikia."

Mimi nilikuwa nayo yote kumi na tano kichwani. Mimi ni mtu wa kukariri. Sijui kupiga stori, sijui kuchekesha, sijui hata kusalimia watu wengi kwa pamoja. Kukariri ndiyo kazi ninayoiweza.

Alhamisi, 16 Mei

Bibi ameniita kwa jina la paka. Paka mwenyewe alikufa nikiwa darasa la pili.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeanza. Naandika jinsi nilivyoanza ili niwe mkweli walau hapa.

Jumatatu Redio hubaki shuleni kwa mazoezi ya netiboli, kwa hiyo alasiri tunakuwa wawili nyumbani. Nilimletea Bibi chai nikakaa kitandani kwake.

"Bibi, unataka kwenda ghorofa ya nne?"

"Mimi na ghorofa wapi na wapi?"

"Basi tuyajifunze yale maneno. Akija kukuuliza tena uwe nayo yote."

"Yule dada alisema tusifanye."

"Hata walimu husema mtihani hauhitaji kukesha. Wanaokesha ndio wanaofaulu."

Akacheka kidogo. Kisha akaniambia jambo ambalo hajawahi kumwambia Redio, nina hakika. Bibi alikuwa mhudumu wa mkahawa wa stesheni kabla Baba hajazaliwa na miaka mingi baada ya hapo. Hilo tunalijua wote. Nililokuwa silijui ni kwamba hakuandika oda hata siku moja, kwa sababu mwenye mkahawa alikuwa bahili wa karatasi. Alikuwa akimtazama mteja anapoketi, anaikalisha oda yake pale pale kwenye kiti. Chai isiyo na sukari ina kofia na imekaa dirishani. Supu imekaa mlangoni, ina haraka, treni yake inaondoka. Akifika jikoni anafumba macho, anapita katikati ya meza, anasoma nyuso.

"Basi tuyakalishe," nikasema.

Tukayakalisha. Daraja tulimpa meza ndefu ya katikati. Sabuni amekaa karibu na sinki. Mbuzi Bibi alikataa kumwingiza, nikambembeleza, akamfunga nje ya mlango. Tulicheka mpaka chai ikapoa. Nilijihisi kama zamani, kabla ya godoro la sebuleni.

Kabla Redio hajarudi nikasema, "Bibi, hii iwe siri. Usimwambie mtu. Hasa Redio."

"Kwa nini hasa Redio?"

"Atatangaza."

Hiyo haikuwa sababu. Nilitaka tuwe na chumba ambacho hana ufunguo wake.

Jumatatu, 27 Mei

Kumi na moja. Mbuzi bado yuko nje.

Jumamosi, 1 Juni

Redio amemsuka Bibi nywele. Walikaa barazani asubuhi nzima. Nilipita mara tatu nikijifanya natafuta kamusi, na mara zote tatu walikuwa wanamcheka mtu mwingine: fundi wa saa, mchungaji, Baba Mkubwa. Mara ya nne Bibi aliniita, "Njoo ukae," lakini kwa jina la Mama. Nikasema nina kazi ya shule.

Nimeingia chumbani nikasoma ukurasa mmoja kwa saa nzima. Huyu hajakaa kwetu mwezi na jina lake halimtoki Bibi. Mimi nimelala chumba kimoja naye miaka saba, na anapitia foleni nzima ya watu kabla ya kunifikia. Kama kumbukumbu zinapungua na umri, basi kinachopungua kwake ni mimi.

Jumatatu, 3 Juni

Kumi na mbili. Namwuliza pia akiwa anapiga mswaki, na ninapomfunika blanketi. Anajibu haraka sasa, bila hata kufumba macho.

Alhamisi, 6 Juni

Mvua imeng'oa bati la choo cha jirani. Hakuna la zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Yote kumi na tano. Hata Karata, ambaye Bibi alimkalisha peke yake gizani kwa sababu hamwamini. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Tumewaweza." Nimefurahi na kujisuta kwa pamoja. Mchana Redio alikuwa ameniuliza kama nataka kwenda naye kununua madaftari, nikasema sitaki, kisha nikamwona kutoka dirishani anakwenda peke yake, kimya. Sikujua kwamba anaweza kuwa kimya.

Jumanne, 18 Juni

Mtihani wa hisabati. Nimesahau kanuni niliyoikariri wiki nzima. Imenirudia mlangoni, nikitoka.

Jumatano, 26 Juni

Ninaandika hili nikiwa nimekaa sakafuni, kwa sababu sijisikii kukaa kwenye kiti.

Leo ilikuwa hospitalini. Baba alitupeleka akarudi kazini. Bibi alitaka twende wote wawili, mimi na Redio, na nililalamika njia nzima kimoyomoyo. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza, kalenda ya kiwanda cha dawa na dirisha linaloangalia ukuta. Dada wa Maneno alisema mmoja wetu anaweza kukaa nyuma, kimya kabisa. Kabla hajamaliza kusema nilikuwa nimeshakaa. Redio akabaki kwenye benchi la nje, na mlango ukaachwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa.

Bibi alikuwa amevaa kitambaa chake kizuri. Aligeuka akanikonyeza.

Dada akaanza kusoma. "Mlima. Kijiko. Sungura."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaendelea. "Barua. Upepo. Shati." Hakuna Daraja. Hakuna Sabuni. Yalikuwa maneno mapya yote kumi na tano, na mimi, mwanafunzi wa kwanza darasani, sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba mtu anayepima kumbukumbu hawezi kuleta mtihani ule ule mara mbili.

Alipomaliza akasema, "Haya mama, niambie unayoyakumbuka."

"Daraja," Bibi akasema, kwa sauti ya juu, ya furaha. "Sabuni. Mbuzi, yuko nje. Kengele. Wingu."

Kalamu ya Dada ilisimama kidogo, kisha ikaandika. Uso wake haukubadilika. Nadhani wamefundishwa. Bibi akaendelea, akafika Kiatu, akafika Ngazi, kisha akapunguza mwendo kama mtu aliyeingia chumba akakuta samani zimehamishwa. Akasema, "Na mlima. Kulikuwa na mlima?"

"Endelea tu, mama."

Mara ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Mlima, kijiko, halafu Asali, halafu Pazia. Mara ya tatu alijaribu kuyafukuza. Niliona mabega yake yanavyokazana. Alikuwa anafumba macho, anafungua, anasema "Hapana, hilo silo," kisha analisema tena lile lile. Mara ya tano alikuwa na mapya matano na ya kale mengi. Baada ya nusu saa alisema Daraja, Sabuni, Mbuzi, akanyamaza. Hakugeuka tena kunitazama.

Nilikuwa na kinywa. Ningeweza kusema, "Dada, ni mimi." Maneno matatu tu. Nilikaa nimebana mikono katikati ya magoti, kimya kabisa, kama nilivyoagizwa.

Kwenye korido Bibi aliniuliza, "Nimekosea, eh?"

"Hapana, Bibi. Umefanya vizuri."

Redio alikuwa amesimama kando yetu ameshika mkoba wa Bibi. Alinitazama, na hakusema neno mpaka nyumbani.

Alhamisi, 27 Juni

Bibi hajataka kusomewa leo.

Ijumaa, 28 Juni

Hajataka.

Jumapili, 30 Juni

Baba Mkubwa amekuja na majibu. Alishauriana na daktari kwa simu. Hakuwa na ubaya, nataka kumtendea haki. Alikuwa amevua viatu na anaongea polepole.

"Kusahau peke yake kungevumilika," aliwaambia Baba na Mama. "Lakini anasikia maneno ambayo hayajasemwa. Daktari anasema hilo ndilo linalompa wasiwasi. Mara ya kwanza halikuwepo kabisa. Wiki sita tu, amebadilika hivyo. Muhula ukiisha nakuja na gari."

Bibi alikuwepo. Hilo ndilo siwezi kulimeza, walikuwa wanazungumza na yeye yupo. Baba alimwinamia. "Mama, wewe unasemaje?"

Nilisimama mlangoni. Nilingoja aninyooshee kidole. Kwa kweli nilitamani aninyooshee.

"Nimezeeka, mwanangu," Bibi akasema. "Maneno yanaingia yenyewe. Siyaiti."

Jioni alikwenda jikoni kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa. Akaenda tena. Akaenda tena. Mara ya tatu alimwita Mama aende kumhakikishia.

Sijui kama amesahau kwamba ni mimi niliyemfundisha, au anajua na ananificha. Sijui lipi ni baya zaidi.

Jumatatu, 1 Julai

Redio hakwenda netiboli. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaanua nguo, kwa sababu wingu lilikuwa linakuja. Nikashika upande wa pili wa shuka.

"Daraja, sabuni, mbuzi," akasema, bila kunitazama.

Shuka likanitoka mkononi.

"Niliyasikia pale benchini, mlango ulikuwa wazi. Yale ni ya siku ile ya vyombo. Mtu hawezi kukumbuka yote hayo baada ya wiki sita, yeye aliyeyapata matano siku ile ile. Lazima kuna mwalimu."

"Mbona hujasema?"

"Nimwambie nani? Baba yako? Watasema mtoto wa watu amekuja kula chakula chao na kumchongea mtoto wao." Alikunja shati la Baba vibaya, akalikunjua. "Nilidhani utasema mwenyewe. Wewe si ndiye mwenye adabu?"

Nikasema jambo la kijinga, kwa sababu ndilo lililokuwa juu. "Wewe anakupenda zaidi. Hata jina lako hakosei."

Redio akasimama na vibanio mdomoni. Akavitoa kimoja kimoja.

"Profesa, wewe unasoma vitabu vya nini? Wewe anakuita shangazi, anakuita mama yako, anakuita nani yule. Kila aliyempenda anapita kwanza kwenye ulimi wake kabla yako, kwa sababu mmewekwa kabati moja. Hata paka yumo kwenye foleni. Mimi simo. Mimi nina rafu yangu peke yangu, karibu na mlango, kama mwavuli wa mgeni. Utawezaje kukosea jina la mwavuli?"

"Yeye ndiye aliyekupa hilo jina."

"Alinipa siku ya kwanza. Jina langu hasa hajawahi kuniuliza."

Matone yakaanza. Tukabeba nguo tukakimbia, na ndani alianza kuongea tena, kuhusu soksi za Baba, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Niliona kwamba ndivyo anavyofanya anapotaka kulia. Nimekaa naye miezi miwili nikiihesabu kuwa ni furaha.

Jumanne, 2 Julai

Baada ya shule nimekwenda hospitalini peke yangu. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kuanzia, nikaikariri njiani, na nilipofika mbele ya Dada wa Maneno yote ikafutika. Nikasema tu, "Nilimfundisha yale ya kwanza. Kila siku. Ulisema tusifanye."

Aliweka kikombe chake chini. Akauliza kwa muda gani, na kwa namna gani. Nilimweleza kuhusu viti.

Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali. Alisema maneno yaliyorudiwa kiasi hicho hukaa mbele, na mtu wa umri wa Bibi huona tabu zaidi kuliko mimi kuyaweka kando ili mapya yaingie. Alisema vijana pia huchanganya, ila wao husikia mapema kwamba neno limetoka mahali pengine. Kwa hiyo nilichukua udhaifu ambao ni wa kawaida kwa wazee wengi, nikaumwagilia maji mpaka ukaonekana kama ugonjwa.

"Kwa hiyo hana kitu?" nikauliza.

"Sijasema hivyo. Vipimo vya kwanza vilikuwa vya mtu wa umri wake, ila baada ya mapumziko alishuka kidogo. Huenda ni umri tu, huenda kuna zaidi. Sasa hatuwezi kujua mpaka muda upite, tutumie maneno mengine. Nitamwandikia daktari kwamba haya ya juzi yasitumike." Kisha akasema, "Nyumbani utawaambia wewe. Mimi siwezi kuwaambia kwa niaba yako."

Jumatano, 3 Julai

Nimewaambia. Baba alipiga simu, akaweka sauti ya wazi, nikasema yote Baba Mkubwa akiwa anasikiliza.

"Na bomba?" akasema. "Bomba nalo ulilifundisha wewe?"

"Hapana, Baba Mkubwa."

"Sawa. Sasa hatujui. Nitangoja apimwe upya mwisho wa mwaka. Wewe usimguse na maneno yako."

Mama hakunisemesha mpaka usiku. Bibi alikuwa amekaa pale pale kitini mwake, ameshika leso. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba radhi.

"Wale wa kwanza walikuwa wameshaketi," akasema. "Wapya walipoingia walikuta viti vimejaa. Ningewakalisha wapi?"

"Kwa nini hukuwaambia Jumapili kwamba ni mimi? Ulikuwa umesahau?"

"Uliniambia nisimwambie mtu." Alinigusa sikio, kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo. "Hilo sikulisahau."

Kisha akaniita kwa jina la shangazi, akaniambia niinuke, nitaharibu magoti.

Jumamosi, 6 Julai

Asubuhi nimetoa vitabu vyote mezani na kuvipanga chini ya kitanda changu. Nikavuta droo nje kwa sababu haifungi. Kisha nikamwita Redio anishikie upande mmoja wa meza.

"Inakwenda wapi?"

"Jikoni, karibu na dirisha."

"Na wewe utasomea wapi?"

"Huko huko."

Mlango wa jikoni ulikuwa umevimba, tukalazimika kuilaza meza ubavu na kuisukuma. Iliparuza ukuta. Tuliporudi chumbani palikuwa na alama nne safi kwenye vumbi la sakafu mahali miguu ya meza ilipokuwa, na Redio akafagia pote. Tukachukua godoro lake kutoka nyuma ya kochi tukaliingiza. Mimi nimekihamishia kitanda changu upande wa ukuta wa mbali, na godoro lake likakaa katikati, karibu na Bibi.

Bibi alikuwa ametutazama muda wote.

"Bibi," nikasema, "huyu jina lake hulijui. Mwulize."

Bibi akamwuliza. Redio akalitaja, polepole, kama mtu anayetaja anwani yake kwa polisi. Bibi akalirudia. Akakosea. Akalirudia tena, akalipata.

Jioni nimesoma sura mbili. Tulikuwa tumeachia pale ndugu mmoja anapogundua barua. Redio aliuliza huyo ni ndugu yupi, mkubwa au mdogo, na Bibi akamjibu, na safari hii alikuwa sahihi. Nilipofunga kitabu Bibi alituambia sote tulale. Akamwita Redio kwa jina la Mama, akajirekebisha, akamwita kwa langu.

Iliniuma. Nimezima taa, nimekuja jikoni, nimekaa mezani na kuandika haya.